Chunusi na Dawa ya Majani

(Mazungumzo na wazazi na vijana wa Basotu)

Leo tuzungumze juu ya chunusi. Wapo watakaocheka. Lakini kijana mwenye uso uliojaa vipele hacheki. Huona haya kwenda mnadani, au huenda akanunua kopo la krimu asiyoijua.

Chunusi siyo uchafu wala laana. Ndani ya ngozi mna vifuko vidogo vya mafuta. Mtu akibalehe mafuta huzidi, vitundu huziba, vijidudu huzaliana, kipele kinavimba. Ukipaka samli juu yake unazidi kuziba. Ndiyo maana wataalamu hutia dawa ya chunusi katika jeli, yaani maji yaliyofanywa mazito kama ute wa bamia.

Majani nayo yanaweza. Mwaka 1990 huko Australia madaktari waliwapima wagonjwa 124. Wengine walipaka jeli yenye mafuta mepesi ya majani ya mti wa kwao, yenye harufu kali kama mkaratusi, sehemu 5 katika 100. Wengine walipaka dawa ya dukani. Makundi yote mawili yalipata nafuu. Ile ya majani ilichelewa, ila haikusumbua sana ngozi. Mnaona, walijua kipimo, na walihesabu vipele.

Sisi tuna mshubiri. Ute wake hupoza ngozi. Lakini ule utomvu wa njano chini ya ganda huwasha, lazima uchuruzike kwanza. Na ute ukikaa kwenye kopo huoza, maana ni maji matupu. Kuupaka ukiwa umeoza juu ya kipele kilichopasuka ni kupanda vijidudu! Anayetaka kuuza, basi, ana kazi ya kupima, kuzuia uozo na kusajili dawa yake. Muhimbili wanachunguza dawa za asili tangu mwaka 1974; huko ndiko kwa kuuliza. Yule anayesema eti kopo lake moja linatibu chunusi, kisukari na ugumba, mpiteni tu.

Tunaloliogopa zaidi ni krimu za kung'arisha uso. Nyingine zina zebaki, haidrokwinoni au steroidi, na Serikali imezikataza. Steroidi hutuliza uso kwa muda, halafu chunusi hurudi kwa wingi na ngozi inakuwa nyembamba kama karatasi.

Kwa sasa osheni uso kwa maji na sabuni isiyo kali, asubuhi na jioni. Msitumbue vipele. Vikiwa vikubwa na vinauma, nendeni zahanati mapema, kabla havijaacha makovu.