RAMANI MOJA, MADARASA MENGI: MFANO WA TARIME NA SERENGETI

(Mazungumzo kwa walimu na kamati za skuli za Unguja na Pemba)



Ushirikiano wa skuli za nchi mbili aghlabu huanza kwa barua na picha, na huishia hapo hapo. Wanafunzi huelezana vyakula na michezo yao, kisha barua hukatika, kwa kuwa hapana kazi inayowaunganisha. Wilaya za Tarime na Serengeti, katika Mkoa wa Mara, zimetoa mfano wa njia nyengine.

Katika wilaya hizo baadhi ya koo zimeendelea na mila ya kuwakeketa watoto wa kike, hasa mwezi wa Disemba, skuli zinapofungwa. Sheria ya mwaka 1998 inakataza kumkeketa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18. Hata hivyo, utafiti wa kitaifa wa mwaka 2015-16 ulionesha kuwa mkoani Mara kiasi cha wanawake 32 katika kila 100 wa umri wa miaka 15 hadi 49 walikuwa wamekeketwa. Wasichana wanaokimbia hupokelewa katika kituo cha Masanga, Tarime, na katika nyumba salama ya Mugumu, Serengeti, inayoendeshwa na shirika lililoasisiwa na Bibi Rhobi Samwelly. Lakini msichana akiomba msaada usiku, waokoaji na polisi walipaswa kukijua kijiji chake na njia ya kukifikia. Na vijiji vingi havikuwa na ramani ya kutegemewa.

Mwaka 2015 ulianza mradi wa Crowd2Map. Mradi huo unatumia OpenStreetMap, ramani ya dunia iliyoanzishwa Uingereza mwaka 2004, ambayo kila mtu anaruhusiwa kuitumia na kuisahihisha bila ya malipo. Kazi hugawiwa kwa viraba vidogo. Watu wa kujitolea kutoka nchi mbali mbali, wakiwemo wanafunzi, huangalia picha zilizopigwa na setilaiti na kuchora mapaa ya nyumba na njia, na mwengine mwenye uzoefu hukagua. Baadae wenyeji huongeza kwa simu zao majina ya vitongoji, skuli, zahanati na maduka.

Hapa ndipo penye somo. Mwanafunzi wa London huliona paa, lakini halijui jina la mahali. Duara analolidhani kuwa nyumba huenda likawa zizi la ng'ombe. Mkaazi wa Serengeti anayajua yote hayo, ila hakuwa na ramani ya kuyaandikia. Hapana anayetoa sadaka na mwengine akapokea. Kila upande una elimu ambayo upande wa pili unaihitaji, na ramani haikamiliki bila ya wote wawili.

Vifaa vyake si vingi: kompyuta moja au mbili zenye intaneti kwa wachoraji, na simu kwa wanaotembea vijijini. Pasipo na intaneti ya kudumu, karatasi iliyochapishwa hutosha kuandikia majina, yakaingizwa baadae. Kazi hiyo inaingia katika masomo ya jiografia, hesabu na lugha bila ya kuongeza kipindi.

Hata hivyo, walimu wanakumbushwa mambo mawili. Kwanza, picha, jina au makaazi ya mtoto aliye hatarini yasipelekwe kwa skuli ya kigeni kwa sababu yoyote ile. Ramani huonesha njia, haioneshi alipojificha mtu. Pili, mila za Mara zisifanywe kioja. Waliosimama mbele kuwatetea wasichana hao ni wenyeji wenyewe.

Zanzibar si ngeni katika kazi hii. Mwaka 2016 Kamisheni ya Ardhi, pamoja na Chuo Kikuu cha Taifa cha Zanzibar, ilianza kuvipiga picha visiwa kwa ndege zisizo na rubani, na wanafunzi wa Chuo hicho walifundishwa kuzirusha. Majina ya mitaa, visima na vichochoro bado wanayo wazee na watoto wa mahali hapo.

Kwa hivyo, skuli inayotafuta rafiki wa mbali inashauriwa itafute kwanza kazi ya kufanywa pamoja. Barua zitafuata zenyewe.