Boya la Ndoana: Namna ya Kulichagua kwa Vidimbwi na Mabwawa ya Eneo la Chai

Mazungumzo kwa wenye vidimbwi na wavuvi wa ndoana



Mazungumzo ya leo yanahusu kitu kisichozidi ukubwa wa kidole: boya, yaani kile kipande kinachoelea juu ya maji na kushikilia uzi wa ndoana. Mpita njia hulichukulia kuwa mchezo wa watoto. Lakini kwa nyumba yenye kidimbwi, boya ndilo linaloamua kama jioni kutakuwa na kitoweo au ni minyoo tu iliyoliwa bure. Na kando ya bwawa lenye kina, boya lililopimwa vizuri humwambia mvuvi mahali asipofaa kukanyaga.

Mwaka wa 2009 Serikali ya Kenya ilianzisha Mpango wa Kuchochea Uchumi, uliogharamia vidimbwi 200 vya mita 300 za mraba katika kila mojawapo ya maeneo bunge 140. Tangu wakati huo ufugaji wa samaki umepanda hadi kwenye miinuko, na leo si ajabu kuona kidimbwi chini ya shamba la chai. Wengi hufuga tilapia, wengine kambale.

Tilapia huzaana upesi. Jike huatamia mayai mdomoni, na vifaranga wakitoka huanza nao kuzaa wakiwa bado wadogo. Punde si punde kidimbwi hujaa kupita kiasi. Chakula hakitoshi, samaki wote hudumaa, na mwenye kidimbwi huvuna samaki wa ukubwa wa kiganja cha mtoto. Dawa kamili ni kukivuna chote kwa wavu, kisha kuweka vifaranga vya madume peke yake. Lakini wavu wa kukokota hugharimu pesa na huhitaji mikono mingi. Ndoana haimalizi msongamano, ila hupunguza samaki kidogo kidogo, na kila anayetolewa huingia sufuriani. Ndiyo maana inafaa itumiwe kwa ujuzi.

Chukueni mfano wa mjukuu aliyetumwa na nyanya yake kuvua. Amenunua boya la duara la plastiki, kubwa na jekundu, kwa sababu linaonekana vizuri. Amekaa saa mbili. Kila akivuta uzi, ndoana haina kitu. Anarudi nyumbani akisema, "Kogo, samaki hawana njaa." Kama nyanya huyo anajua uvuvi, atamjibu, "Minyoo imekwisha, nao hawana njaa? Boya lako ndilo zito, mjukuu wangu."

Jibu hilo lina sababu mbili.

Sababu ya kwanza ni baridi. Mji wa Kericho uko karibu mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Tilapia ni samaki wa maji ya joto, na hukua vyema zaidi maji yakiwa kati ya nyuzi 25 na 30 za Selsiasi. Maji yakishuka chini ya nyuzi 20, mwili wake hupoa na ulaji wake hupungua. Samaki wa maji baridi hakimbilii chambo. Hukisogelea polepole, hukidona, hukinyonya, na akihisi kitu kinamvuta hukitema. Boya linalofaa Ziwa Victoria, ambako maji ni ya joto, laweza kuwa zito mno kwa kidimbwi cha Kericho au Bomet asubuhi ya mwezi wa Julai.

Sababu ya pili ni uzito ambao samaki hulazimika kuuvuta. Boya la duara lenye upana wa sentimita 3 lina ujazo wa karibu sentimita 14 za ujazo. Maji ya ujazo huo yana uzito wa gramu 14. Boya lenyewe likiwa na gramu 2, samaki anayetaka kulizamisha lote avute kwa nguvu ya gramu 12 hivi. Sasa linganisheni na boya jembamba kama kalamu, lenye unene wa milimita 6 na urefu wa sentimita 8. Likiongezewa uzito mpaka ibaki sentimita 1 tu juu ya maji, samaki hulizamisha kwa nguvu isiyofika theluthi moja ya gramu. Samaki ni yuleyule na chambo ni kilekile, lakini hili jembamba halimshtui.

Kanuni yenyewe basi ni hii: boya bora ni lile dogo kabisa ambalo bado linaweza kubeba chambo na bado linaonekana kutoka ukingoni.

Wavuvi wa mbali nao wamefikia jambo hilohilo. Huko Marekani kuna samaki wa maziwa aitwaye krapi, mwenye mdomo laini unaochanika upesi. Wanaomvua hupendelea maboya membamba kama penseli kwa sababu huyu naye hula kwa kunyonya taratibu.

Boya la namna hii halihitaji kununuliwa. Shina la unyoya mkubwa wa bata mzinga au bata bukini, likisafishwa na kuzibwa kwa gundi, ni boya jepesi lililotumika tangu zamani katika nchi nyingi. Tete kavu lenye matundu yaliyozibwa kwa nta hufaa pia. Kipande cha ndara kuukuu kilichochongwa kwa wembe hadi kiwe chembamba huelea vizuri na hakifyonzi maji. Kisichofaa ni ile povu nyeupe inayofungiwa redio na televisheni mpya. Humeguka punje punje, punje hizo huelea kidimbwini, na samaki huzimeza.

Kambale ana boya lake. Huyo hula sakafuni, hasa usiku na maji yakichafuka baada ya mvua. Ana nguvu, na akishika chambo huenda nacho. Kwake boya nene kiasi, la ukubwa wa kidole gumba, halina madhara, nalo hubeba chambo kizito kama utumbo wa kuku. Anayetaka wote wawili afunge nyuzi mbili tofauti, kwa maana boya la kambale humnyima tilapia.

Upepo nao huzingatiwa. Bwawa lililo wazi juu ya kilima hupata mawimbi madogo, na boya la kalamu huyumba na kusukumwa. Hapo litumike boya lenye tumbo upande wa chini na shingo nyembamba juu, na uzi upitishwe chini yake tu. Sehemu ya uzi iliyo karibu na boya izamishwe majini ili upepo usiishike.

Rangi ni kwa faida ya mvuvi, si ya samaki. Mahali maji yanapoakisi chai na mikaratusi, ncha nyekundu au ya rangi ya machungwa huonekana upesi. Jioni, jua linapomulika maji yakang'aa kama bati jipya, ncha nyeusi huonekana zaidi. Sehemu ya chini iachwe na rangi iliyofifia.

Boya jembamba halifanyi kazi bila chubwi, kile kizito kinachofungwa kwenye uzi chini yake. Wengi hutumia madini ya risasi. Risasi ni sumu, na humdhuru zaidi mtoto. Uingereza ilipiga marufuku uuzaji wa chubwi nyingi za risasi mwaka wa 1987, baada ya ndege wa majini kuzimeza na kufa. Mtoto asiruhusiwe kubana punje ya risasi kwa meno, kama wavuvi wengi wanavyofanya. Na mtu yeyote asiyeyushe risasi ya betri kuukuu ya gari nyumbani, kwa sababu moshi na vumbi lake huingia mwilini mwa kila aliye karibu. Nati ndogo ya chuma au waya uliozungushwa mara chache hutosha. Chubwi huongezwa kidogo kidogo boya likiwa kwenye ndoo ya maji, mpaka ibaki ncha tu.

Kazi inayofuata ni kupima kina, na hapa ndipo boya linapokuwa chombo cha usalama. Mvuvi hutundika nati nzito kiasi kwenye ndoana, kisha hutupa. Boya likizama, uzi ulio chini yake ni mfupi kuliko kina, kwa hiyo boya lisogezwe mbali na ndoana. Boya likilala ubavu, uzi ni mrefu mno, lisogezwe karibu. Ncha ikisimama sawasawa na uso wa maji, umbali kutoka boya hadi nati ndicho kina cha mahali hapo. Tilapia hutafutwa kwanza kiganja kimoja juu ya sakafu, kisha hatua kwa hatua kwenda juu jua linapopasha maji. Kambale hutafutwa sakafuni.

Kwa kurusha mara tano au sita, mvuvi hulijua bwawa bila kulowesha mguu. Hugundua kwamba hatua mbili kutoka ukingoni maji ni ya magoti, na hatua ya tatu yanapita kichwa. Mabwawa yaliyochimbwa kwa tingatinga mara nyingi yako hivyo, na udongo wake mwekundu huteleza kama sabuni. Ndoana ikinasa kwenye kisiki, uzi ukatwe. Kila mtoto aambiwe jambo hili mapema, na aambiwe na mtu mzima anayemheshimu: boya hutengenezwa jingine, mtoto hapatikani mwingine. Asiyefika umri wa kujitegemea asivue peke yake, hata kwenye kidimbwi cha nyumbani.

Boya likishawekwa sawa, kinachobaki ni kulisoma. Likitetemeka papo hapo, vifaranga wanadona, na mvuvi asubiri. Likitembea pembeni polepole, tilapia amechukua chambo na anaondoka nacho, basi uzi ukazwe kwa kuinua kiwiko tu. Anayevuta kwa nguvu hadi nyuma ya bega hupasua mdomo wa samaki au hutundika ndoana mtini. Likiinuka ghafla na kulala ubavu, wengi hudhani hakuna kitu. Kumbe samaki ameokota chambo kutoka chini na kuinua chubwi pamoja nacho. Hiyo ndiyo ishara inayopotezwa zaidi, nayo boya nene haliwezi kuionyesha kabisa.

Wakati mzuri ni kuanzia saa nne asubuhi, maji yakianza kupata joto, hadi kabla ya mvua ya alasiri. Wakazi wa Kericho wanaijua mvua hiyo na mawe yake. Ngurumo ya kwanza ikisikika, mvuvi aache maji na aweke mwanzi chini. Mwanzi mrefu uliolowa, ulioinuliwa mahali palipo wazi, hualika radi.

Yapo pia mambo ya sheria na ujirani. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, imeweka uvuvi miongoni mwa kazi za serikali za kaunti. Kabla ya kuvua mtoni au kwenye bwawa la umma, mkazi aulize ofisi ya uvuvi iliyo karibu naye kuhusu leseni na mahali panaporuhusiwa. Bwawa lililo ndani ya shamba la chai lina mwenyewe, na ruhusa huombwa kwanza. Samaki wa kidimbwini wasimwagwe mtoni, hata kama ni wengi na wadogo. Mito ya Kipsonoi na Yurith huungana kuwa Sondu na kuingia Ziwa Victoria, kwa hiyo kinachotupwa huku juu, kiwe samaki, ugonjwa au uzi wa nailoni, humfikia mtu wa chini.

Tumrudie yule mjukuu. Akiliweka kando boya lake la duara, akachonga kipande cha ndara, akakipima kwenye ndoo na kurudi kidimbwini saa nne, huenda mara ya kwanza akaona ncha ikitembea sentimita mbili tu kuelekea kwenye nyasi. Zamani asingeiona. Sasa atainua kiwiko. Samaki atakayetoka anaweza kuwa mdogo, lakini ameingia sufuriani, na waliobaki majini wamepata nafasi ya kukua. Akifanya hivyo kila baada ya shule, nyanya yake akiwa ameketi ukingoni akimwangalia, hata mwenye nyumba asiye na wavu atakuwa ameanza kupunguza msongamano kidimbwini mwake.

Anayetaka kujua zaidi kuhusu vifaranga, wavu na leseni na amwone afisa wa uvuvi wa eneo lake.