Milki ya Simu na Haki ya Kufuta

Mas'ala ya jioni hii ni mepesi kuyatamka na mazito kuyajibu. Mtu aliyenunua simu kwa fedha yake, akalipa bei yote, akapewa risiti, je, ana haki ya kuziondoa zile programu alizozikuta ndani, ambazo hakuziomba, hakuzichagua, wala hakuambiwa kwamba zimo? Nitadai kwamba anayo, ghairi ya vitu vichache ambavyo bila ya hivyo simu haiwi simu. Na nitadai tena kwamba nchi yetu ya Kenya haina haja ya kungoja sheria mpya ili kumpa haki hiyo, maana sheria na afisi za kuisimamia tunazo tayari, ila hazijaelekezwa huko.

Kwa kuwa mjadala wa namna hii hupenda kupaa mawinguni, natuanzie kaunta. Mjini Kitale, siku ya soko, mama aliyeuza magunia yake ya mahindi huingia duka la simu karibu na steji ili aiache kabambe yake, simu ya vitufe, na kununua simu janja, kwa sababu mwalimu wa shule anatuma habari za watoto kwa WhatsApp na chama cha akina mama kimehamia huko huko. Sanduku limeandikwa gigabaiti 32. Anapoiwasha, sehemu kubwa ya nafasi imekwisha kuliwa na mfumo wenyewe, jambo ambalo hatuwezi kulilaumu. Lakini nyuma ya mfumo wamejipanga wengine: kivinjari cha pili ilhali cha kwanza kipo, duka la pili la programu, programu ya muziki, ya habari, michezo, na moja inayojigamba kwamba husafisha simu, nayo ndiyo inayoleta matangazo mengi kuliko zote. Miezi inapita, picha za wajukuu zinaongezeka, na siku moja kioo kinaandika kwamba nafasi imejaa. Fundi wa simu anafungua mipangilio, anaingia kwenye orodha ya programu, anagusa jina la ule mchezo ambao mama hajawahi kuucheza. Mahali ambapo kitufe cha kuondoa kingekuwapo pana kitufe cha kuzima tu, na kwa programu nyingine hata hicho kimefifia rangi ya majivu, ukikigusa hakijibu. Basi fundi hufanya analoliweza: anafuta picha. Kilicho chake mwenye simu kinafutika. Kilicho cha mgeni kinabaki.

Na si picha tu. Mkulima wa Trans Nzoia au wa Bungoma aliyeandikishwa kupata mbolea ya ruzuku hupokea ujumbe mfupi wenye namba ya kuchukulia mbolea yake, na ziko simu ambazo nafasi ikiisha hukataa kabisa kupokea ujumbe mpya. Mchezo usiochezwa na mtu huweza kusimama baina ya mkulima na mbolea yake, mvua ikiwa imekwisha kunyesha.

Yafaa tuelewe kwa nini kitufe kile hakijibu, kwa sababu wauzaji hupenda kujificha nyuma ya ufundi. Hifadhi ya simu ya Android imegawanywa. Katika sehemu moja hukaa mfumo pamoja na zile programu ambazo mtengenezaji amezipachika kiwandani. Sehemu hiyo husomwa tu wala haiandikwi, na katika simu za siku hizi hukaguliwa kila simu inapowashwa ili ijulikane kama imeguswa. Sehemu ya pili ndiyo ya mwenye simu, na humo huingia picha zake, sauti zake, na programu anazozipakua mwenyewe. Ukizima programu iliyo katika sehemu ya kwanza umeilaza tu, hukuifuta, na ukiirudisha simu katika hali ya kiwandani itaamka. Kwa hiyo watengenezaji husema: hata tukiwaruhusu kuifuta, hamtapata nafasi yoyote, kwani sehemu ile si yenu kutumia. Neno hilo ni kweli, lakini ni nusu ya kweli. Nusu ya pili ni kwamba programu hizo hupakua masasisho yake kwa bando la mwenye simu, na masasisho hayo, pamoja na data na masalio yake, huwekwa katika sehemu ya mwenye simu; na kwamba hakuna kanuni ya umeme wala ya hesabu iliyomlazimisha mtengenezaji kuutia mchezo wa karata ndani ya sehemu iliyotiwa muhuri. Aliuweka humo kwa hiari yake. Zipo programu nyingine ambazo viwanda hivyo hivyo vimezitia katika sehemu iliyo wazi, nazo hufutika kwa kugusa mara moja.

Wapo mafundi hapa hapa Bungoma wanaoweza kuiunganisha simu na kompyuta kwa waya na kuiamuru imfiche mgeni huyo asionekane tena, au kuiflashi simu yote upya. Lakini kufichwa si kufutwa, na simu iliyoflashiwa vibaya huenda isiwake tena, na hata ikiwaka, programu za benki huweza kuikataa. Haki ambayo huipati ila kwa kumlipa fundi na kuihatarisha mali yenyewe, mimi siiti haki.

Katika mafunzo ya biashara yaliyofuatwa na watu wa pwani yetu tangu zama za majahazi, mauzo halali yalikuwa na masharti yake: ridhaa ya pande mbili, kitu kinachojulikana, thamani inayojulikana, na aibu ya bidhaa kutajwa kabla ya mikono kupeanwa. Aliyeficha aibu alimpa mnunuzi hiari ya kuirudisha mali na kudai fedha yake. Na milki ikikwisha kuhama, haki ya kutasarufu ilihama nayo. Nanyi watu wa Trans Nzoia, mnaoyajua mashauri ya ardhi kuliko mimi, hebu mfikirieni mtu aliyenunua ekari tano Kiminini, akapita mbele ya bodi ya ardhi, akapata hati kwa jina lake, kisha akamkuta pembeni mtu analima robo ekari kwa mapatano aliyoyafanya na muuzaji, mapatano ambayo hakuna aliyemtajia. Naye akaambiwa kwamba mlimaji huyo hatoki kamwe, ila akiombwa kwa upole anaweza kulala. Mnajua kesi hiyo ingeishia wapi.

Hoja iliyo na nguvu kuliko zote upande wa pili ni ya bei, na sitaki kuipita kwa haraka. Watengenezaji hulipwa na wenye programu ili wazipachike, na malipo hayo, husemwa, ndiyo yanayoiwezesha simu kuuzwa kwa bei ambayo mtu wa Chwele au wa Endebess anaimudu. Kampuni ya Transsion ya Shenzhen, mwenye chapa za Tecno, Itel na Infinix, ilijijengea soko katika Afrika kwa kuwauzia watu ambao wakubwa wa dunia hawakuwajali. Na programu ya muziki ya Boomplay, ambayo leo ina wasikilizaji wengi, ilianza kuenea kwa kupachikwa katika simu za Tecno. Siwezi kusema kwamba hapo hapakuwa na manufaa. Walakini, ikiwa sehemu ya bei hulipwa kwa macho ya mnunuzi, kwa bando lake na kwa habari zake, basi hiyo nayo ni bei, na bei hutajwa. Kifungu cha 46 cha Katiba ya 2010 kinampa mnunuzi haki ya kupata maelezo yanayohitajika ili anufaike kikamilifu na alichonunua. Sijapata kuona sanduku la simu lililoandika: hii ni bei baada ya kupunguziwa, na salio utalilipa kila siku bila kujua. Kisha yule asemaye kwamba maskini atosheke na milki pungufu kwa sababu ni maskini, namwomba aliseme neno hilo sokoni Kitale na si katika mkutano wa wenye hisa.

Tena kuna habari ya usalama. Mwaka 2019 watafiti wa taasisi ya IMDEA Networks ya Hispania pamoja na wenzao walichapisha uchunguzi wa programu zaidi ya 82,000 zilizopachikwa katika simu za Android za chapa zaidi ya 200, wakakuta ndani ya nyingi mikono ya watu wa tatu, wachuuzi wa matangazo na wafuatiliaji, ambao mwenye simu hana habari nao. Januari 2020 shirika la Privacy International, pamoja na mashirika mengine zaidi ya 50, liliiandikia Google likitaka watu waruhusiwe kuzifuta kabisa programu hizo. Agosti mwaka huo huo kampuni iitwayo Upstream ilitangaza kwamba simu za Tecno W2 zilizouzwa katika nchi kadhaa za Afrika, ikiwemo jirani yetu Ethiopia, zilikutwa na programu haribifu zilizowaandikisha wenye simu katika huduma za kulipia bila idhini yao. Tecno ilijibu kwamba tatizo lilikuwa la zamani, na kwamba lilikuwa limekwisha kutolewa dawa. Tusimhukumu mtu hapa. Linalotuhusu ni kwamba mja hawezi kujilinda na kitu asichoweza kukiondoa. Sheria yetu ya Kulinda Data ya 2019 inasema kwamba mtu aliyetoa ridhaa ya kutumiwa habari zake anaweza kuiondoa ridhaa hiyo wakati wowote; sasa yule ambaye hakuombwa ridhaa, na ambaye hana kitufe, ataondoa nini, na atakiondolea wapi?

Husemwa vilevile kwamba ukimpa mtu ruhusa ya kufuta atafuta hata cha kupigia simu, kisha aje kulia. Ulaya wamelijibu hilo. Sheria ya Masoko ya Kidijitali ya Umoja wa Ulaya, ambayo wakubwa kama Google na Apple walianza kubanwa nayo Machi 2024, inamtaka mwenye mfumo amwezeshe mtu kuondoa programu yoyote kwa urahisi, isipokuwa zile ambazo mfumo au chombo hakiwezi kufanya kazi bila hizo na ambazo mtu mwingine hawezi kuzitoa zikiwa peke yake. Kabla ya mwaka huo kwisha, Apple iliwaruhusu watu wa Ulaya kufuta hata kamera na duka lake la programu. Korea Kusini ilikuwa imelianza shauri hili tangu 2014. Na Google, iliyotozwa faini ya yuro bilioni 4.34 mwaka 2018 kwa kuwashurutisha watengenezaji wapachike kivinjari chake na huduma yake ya utafutaji, faini ambayo mahakama iliipunguza kidogo mwaka 2022, haikufilisika. Kwa hiyo anayetuambia kwamba jambo hili haliwezekani kiufundi, anatuambia tu kwamba haliwezekani kwetu.

Nami siiamini serikali zaidi ya mfanyabiashara katika hili. Mwishoni mwa Novemba 2025 serikali ya India iliwaamuru watengenezaji waitie katika kila simu mpya programu yake ya Sanchar Saathi, na ifanywe isizimike. Kelele zikapanda, na siku chache baadaye amri ikaondolewa. Kanuni tutakayoiweka lazima imfunge na mwenye mamlaka.

Ipo programu moja iliyokuja imepachikwa ambayo sijamsikia mtu akiilalamikia, nayo ni menyu ya M-PESA, iliyoingia katika kadi ya simu Machi 2007. Wengine watasema ni kwa sababu tunaihitaji. Mimi naona sababu nyingine pia: inakaa katika kadi ya mwenye huduma, na ukiitoa kadi imetoka nayo.

Habari ya simu za mkopo ni nyingine, na imeenea mno katika kaunti hizi mbili. Tangu Julai 2020, Safaricom na Google walipoanzisha Lipa Mdogo Mdogo kwa shilingi 20 kwa siku, na kwa kampuni ya M-KOPA kadhalika, simu hutolewa ikiwa na programu inayoifunga mnunuzi akikawia kulipa. Hiyo ni rehani, na rehani ni halali maadamu deni lipo na mdeni alielezwa. Lakini rehani hufunguliwa. Siku shilingi ya mwisho inapopokelewa, kufuli hilo litoke lote, si kulazwa, na mkopeshaji amtumie mwenye simu ujumbe wa kuthibitisha kwamba hana tena mkono ndani ya mali ile.

Nani atayasimamia haya? Hakuna simu inayoruhusiwa kuuzwa Kenya bila aina yake kuidhinishwa na Mamlaka ya Mawasiliano. Afisi inayoidhinisha kila aina ya simu inaweza kudai pia orodha ya programu zilizomo, na kuikataa simu ambayo mchezo wake hauondoki. Tangu Oktoba 2023 tuna hata kiwanda cha kuunganisha simu Athi River, kwa hiyo si kila mtengenezaji yuko ng'ambo ya bahari.

Na serikali zetu za kaunti hazina haja ya kuingoja Nairobi. Jedwali la Nne la Katiba limezipa usimamizi wa masoko, leseni za biashara na mwenendo wa haki katika biashara. Mabunge ya kaunti ya Trans Nzoia na Bungoma yanaweza kuweka sharti moja katika leseni ya duka la simu: pawe na karatasi kaunta, kwa Kiswahili, inayoonyesha kila aina ya simu humbakishia mnunuzi nafasi kiasi gani inapowashwa mara ya kwanza, programu zipi haziondoki, na kila moja ni ya nani. Maafisa wanaokagua mizani sokoni wanaweza kuikagua karatasi hiyo. Hawahitaji maabara, wanahitaji kuwasha simu moja ya kila aina na kufungua mipangilio.