Msitu Si Hesabu ya Miti Tu
(Hotuba ya Kamati ya Miti, iliyosomwa katika Mkutano Mkuu wa Mwaka, Machakos)



Kila mwaka, katika taarifa ya Chama, Kamati yetu huandika idadi ya miche iliyopandwa, nanyi hutupigia makofi. Mwaka huu twaja na ungamo. Tulihesabu miti, lakini hatukuuliza ni ya aina gani, wala hatukufikiri ni mti gani utakaoirithi. Tuliporudi mahali tulipopanda mikaratusi mitupu, tulitazama chini yake. Hapakuwa na mche wa mti mwingine hata mmoja. Yalikuwapo majani makavu tu, na mifereji iliyochimbwa na mvua.

Wazee wetu, msitu wa kweli hukaa kama ukoo. Juu ipo miti mirefu, kama vile muthulu na muumo, chini yake miti ya kadiri, kisha vichaka, na chini kabisa miche michanga ingojayo zamu yake. Mti mzee ukianguka, mwanga huingia, na mchanga hushika mahali pake. Ndege waliokula matunda ya muumo huzichukua mbegu na kuzipanda bila mshahara. Lakini shamba la miti ya aina moja, iliyopandwa siku moja, ni kama kijiji chenye rika moja tu: siku rika hilo likiondoka, hapana wa kurithi.

Tena adui ajapo, hapana wa kusalia. Mwaka 1990 vidukari vya misaiprasi vilionekana Kenya, na miti mingi ya aina hiyo ikakauka ikiwa imesimama. Aliyekuwa amechanganya miti alipoteza sehemu. Aliyepanda misaiprasi peke yake alikuwa katika hatari ya kupoteza yote.

Na tuwatazame jirani zetu wa Nairobi. Msitu wa Karura, wenye hekta zipatazo 1,000, ulitangazwa kuwa hifadhi mwaka 1932. Mnamo Januari 1999 Profesa Wangari Maathai na wenzake walipigwa walipokwenda kupanda miti humo, kwa kupinga ardhi yake kugawiwa wajenzi. Ardhi ikaokoka. Hata hivyo kazi haikuishia hapo, maana sehemu kubwa ya Karura ilikuwa mikaratusi na miti mingine ya kigeni. Miti hiyo imekuwa ikipunguzwa kwa awamu, na ya asili, kama muhugu, ikirudishwa. Kuokoa ardhi ni kazi moja. Kuurudisha ukoo wa miti ni kazi ya pili, nayo huchukua umri wa mtu. Muhugu wenyewe mwaujua, kwani ndio waliouchonga mafundi wetu wa Wamunyu hata ukawa adimu, na wengi wakageukia mwarobaini na mjakaranda.

Hatuulaani mkaratusi. Umetupa nguzo na kuni, na wengine wetu tulilipiwa karo kwa mti huo. Twasema tu kwamba una mahali pake, na mahali pake si penye chemchemi, maana hunywa maji mengi. Wazee wetu waliyajua haya kabla ya kufunguliwa shule: miti mikubwa ya mathembo haikukatwa, na chini yake kivuli na unyevu vilidumu.

Basi twaomba Mkutano uamue mambo mawili. Kwanza, nusu ya miche ya mwaka ujao iwe ya miti ya asili, iliyochanganywa, nayo ipandwe juu ya chemchemi zetu upande wa Iveti. Pili, taarifa ya Chama ionyeshe aina za miti, na ile iliyo hai baada ya miaka mitatu, si iliyopandwa tu. Sheria ya Misitu ya mwaka 2016 yawaruhusu wananchi kujiunga katika vyama na kushiriki katika kuutunza msitu wa serikali. Basi tusingoje kuitwa.

Twajua kwamba muthulu hautauzwa upesi kama nguzo, na hasara hiyo itatugusa sote. Lakini mji wa Machakos wapanuka kuielekea milima, na watoto wetu watauliza maji kabla ya kuuliza nguzo.

Sisi watumishi wenu,
Kamati ya Miti.