Kumpekua Mtu Kabla ya Kumkabidhi Mali ya Wakulima

Hotuba ya Katibu iliyosomwa Pasiansi, katika sherehe za kutimiza miaka 10 ya Chama Kikuu



Nimepewa heshima ya kusema machache juu ya thamani ya cheti cha polisi, tunapochagua mtu wa kushika mizani, ghala au sanduku la fedha. Msimu wa kununua pamba u karibu, na vyama vyetu vya msingi vitaajiri makarani. Kwa hiyo neno hili ni la kazi, si la sherehe tu.

Ushirika katika nchi hii ya Ziwa ulizaliwa kwa sababu ya mizani. Mwanzoni mwa miaka ya 1950 wakulima walitambua kuwa wanapunjwa, wakaweka watu wao wa kupima pamba. Mwaka 1955 likaundwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, likiongozwa na Bwana Paul Bomani. Siku zile mpunjaji alikuwa ng'ambo ya meza. Leo aweza kuketi upande wetu.

Cheti cha polisi kina nguvu yake. Mwombaji huchukuliwa alama za vidole, zikalinganishwa na kumbukumbu za Jeshi la Polisi. Mtu aweza kubadili jina akihama kutoka Geita kwenda Mara, lakini vidole vyake huhama naye.

Hata hivyo, cheti hujua yale tu yaliyofikishwa na kuandikwa. Mwaka 2004 huko Seattle, Marekani, Aaron Alexis alikamatwa kwa kupiga risasi magurudumu ya gari la mtu. Serikali ilipompekua ili aingie katika jeshi la majini, taarifa ilisema alitoa upepo magurudumu, bunduki haikutajwa. Akapewa kibali cha kushika siri za serikali. Tarehe 16 Septemba 2013 aliua watu 12 katika ofisi za jeshi hilo mjini Washington. Upekuzi ulifanyika, ila taarifa ya polisi wenyewe haikusomwa.

Nasi tunalo somo letu. Mwaka 2017 vyeti vya masomo vya watumishi wa umma vililinganishwa na kumbukumbu za Baraza la Mitihani la Taifa, na watumishi 9,932 wakaonekana kuwa na vyeti vya kughushi. Walikuwa kazini, wakipokea mishahara. Karatasi isiyoulizwa kule ilikotoka haina ushahidi.

Sasa tutazame nyumbani. Karani akipatikana na upungufu, mara nyingi husemwa, "Tuyamalize wenyewe kwa wenyewe." Hurudisha nusu ya fedha, huondoka usiku, na msimu ufuatao chama jirani humpokea akiwa na cheti safi. Cheti hicho hakikusema uongo, kilinyamazishwa. Mficha maradhi, kifo humuumbua, na anayeumia ni mkulima aliyepalilia jua kali akakosa malipo yake.

Kwa hiyo naleta mambo matatu mbele yenu. Kwanza, kila atakayeshika mali alete cheti kipya cha polisi, kisiwe cha miaka iliyopita. Pili, chama kilichomwajiri kabla kiulizwe kwa barua, na taarifa ya Shirika la Ukaguzi na Usimamizi wa Vyama vya Ushirika juu ya miaka yake isomwe. Tatu, kila wizi upelekwe polisi, hata mwizi akiwa mtoto wa ndugu.

Lakini tusiwe wakatili. Katiba yetu, katika ibara ya 67, inapotaja hukumu zinazomzuia mtu kuwa mbunge, huangalia makosa ya utovu wa uaminifu. Kijana aliyefungwa zamani kwa kupigana ngomani asinyimwe riziki maisha yake yote. Tuulize alitenda nini, lini, na tangu hapo ameishije.

Cheti ni mlango wa kwanza tu. Ndani yake lazima awepo mwanachama anayesoma hesabu na kuthubutu kuuliza.