Klachi Inayogoma Ikipata Joto

Ndugu msikilizaji, leo naomba tuingie gereji.

Wanaonifahamu hapa Arusha hunicheka kwa ajili ya gari langu, Mercedes-Benz 230E ya mwaka 1982. Hunicheka zaidi wanaposikia nahangaika na kiyoyozi chake. "Arusha na baridi yote hii, kiyoyozi cha nini?" Jibu langu ni moja: mama yangu. Ana miaka 78, ana shinikizo la damu, na kila baada ya miezi mitatu nampeleka kliniki Dar es Salaam. Barabara ya Dar ukishaipita Same haina habari na baridi ya Mlima Meru.

Safari moja kiyoyozi kilikata tulipofika Makanya. Feni ilipuliza, lakini hewa ilikuwa ya moto. Tulifungua vioo, tukapokea upepo wa joto na vumbi. Kufika Hedaru, Mama alikuwa amelegea, hasemi neno. Nilisimama chini ya mti, nikampa maji, nikamfuta uso kwa kitambaa kilicholowa. Alipopata sauti akasema, "Mwanangu, usikimbize gari, nitafika." Tulifika, lakini maneno yale hayajanitoka.

Niliporudi nilikwenda gereji moja asubuhi na mapema. Kiyoyozi kiliwaka vizuri tu. Fundi alichungulia chini ya boneti, hakushika hata mita, akasema kompresa imechoka, inunuliwe nyingine. Bei yake ilikaribia mshahara wangu wa miezi miwili.

Kabla sijatoa fedha hizo, jirani alinielekeza kwa mzee mmoja mwenye gereji ndogo pale Themi, upande wa viwandani. Mzee alinisikiliza hadi mwisho, kisha akaniuliza swali ambalo fundi wa kwanza hakuliuliza: "Linagoma likiwa la baridi au likishapata moto?" Nikasema, likishapata moto. "Basi sasa hivi sina la kukuambia. Lizungushe mjini, uje saa saba mchana."

Saa saba nilirudi. Akaliacha gari linanguruma, kiyoyozi kimewashwa, boneti imefungwa, karibu saa nzima. Hewa ikageuka ya moto. Akafungua boneti, akaniita nitazame.

Msikilizaji, mbele ya kompresa kuna puli inayozungushwa na mkanda muda wote injini inapofanya kazi. Mbele ya puli hiyo kuna sahani ya chuma, na sahani ndiyo inayozungusha kompresa yenyewe. Ukiwasha kiyoyozi, umeme huingia kwenye koili, koili inakuwa sumaku, sumaku inavuta sahani ikagande kwenye puli. Utasikia "tak!" Hiyo ndiyo klachi. Siku ile puli ilizunguka, sahani imetulia.

Mzee akapima waya wa klachi kwa mita. Umeme ulikuwapo, na waya wa kurudishia ulikuwa mzima. Akanieleza kwamba kama umeme usingekuwapo, angetafuta kwingine: fyuzi, relei, au swichi inayokata umeme gesi ikipungua. Akazima injini, akaizungusha sahani kwa mkono. Ikazunguka laini, bila kukwama. Maana yake kompresa haikuwa imekufa.

Kisha akavuta waya kutoka betri hadi kwenye klachi. Kimya. Akaisukuma sahani kidogo kwa kijiti: tak! Ikaganda. Akapima nafasi iliyopo kati ya sahani na puli. Ilizidi milimita moja, wakati kompresa nyingi zinataka karibu nusu milimita.

Sababu yake ni nyepesi. Nyuso za klachi huliwa kidogo kidogo kwa miaka, na nafasi inapanuka. Waya wa shaba wa koili nao ukipata joto la nyuzi 80 zaidi, ukinzani wake huongezeka kwa karibu theluthi moja. Umeme unaopita unapungua, sumaku inalegea. Asubuhi ya baridi sumaku inaiweza nafasi ile. Mchana wa Makanya haiiwezi.

Mzee alifungua sahani, akatoa washa moja nyembamba iliyokuwa nyuma yake, akarudisha, akapima tena. Kazi ikaisha. Hakununua kitu. Gesi haikuguswa, na hilo nalo ni jema, kwa kuwa kubadili kompresa ni kufungua mabomba, na wengi wetu huiachia gesi ikaenda hewani. Magari ya umri huu yalitoka kiwandani na gesi ya R-12, ambayo Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987 uliipiga marufuku hatua kwa hatua kwa kuwa inaharibu tabaka la ozoni.

Sisemi kila kompresa ni nzima. Zipo zinazokwama kweli, na hapo hata klachi mpya itaungua. Ninachosema ni kwamba fundi akikuambia nunua, muulize kwa heshima: "Umejuaje?" Na mweleze gari linagoma wapi na saa ngapi, kwa maana ugonjwa wa mchana hauonekani asubuhi.

Mwezi uliofuata tulipita Hedaru saa nane mchana, vioo vimefungwa. Mama alikuwa amelala.

Hadi wiki ijayo, kwaherini.