Breki ya Kigari cha Reli Moja

Hotuba iliyotolewa katika mkutano wa mwaka wa wanafunzi wa zamani



Barua niliyoletewa iliniomba nizungumze juu ya maendeleo ya ufundi. Jambo hilo ni pana mno, nami nimepewa nusu saa tu kabla ya chakula, na harufu ya pilau nimekwisha kuisikia. Kwa hiyo naomba radhi, nitazungumza juu ya kitu kimoja tu, nacho ni breki.

Sote tunakijua kilima hiki. Wakati wa masika lori la chakula huishia kule barabarani bondeni, na magunia hupandishwa kwa vichwa na mabega ya wanafunzi. Ndivyo ilivyokuwa enzi zetu, na ndivyo ilivyo hata leo. Sasa vijana wa Klabu ya Sayansi wamechora kigari kitakachopanda juu ya reli moja, kikivutwa kwa waya na winchi itakayowekwa nyuma ya jiko. Mchoro nimeuona na nimeupenda. Umoja wetu umeombwa kuchangia vyuma. Lakini katika kikao cha kamati baadhi ya wenzetu walitoa shauri kwamba mwaka huu tununue reli, waya na winchi, na breki ije mwaka kesho fedha zikipatikana. Shauri hilo silikubali, na ningependa kueleza kwa nini, mbele ya wale watakaokipakia kigari chenyewe.

Wengi wetu tunaikumbuka tarehe 24 Juni 2002. Siku hiyo treni ya abiria ilishindwa kushikwa na breki mlimani, ikarudi nyuma kwa kasi na kuigonga treni ya mizigo pale Igandu, mkoani Dodoma. Watu 281 walikufa. Kigari chetu ni kidogo, tena kitabeba maharage, lakini mteremko haujui tofauti ya abiria na maharage.

Kwanza niseme kuwa wazo la reli moja si la ajabu wala si geni. Mfaransa Charles Lartigue aliwatazama ngamia wa Algeria wakibeba mizigo iliyoning'inia sawasawa pande mbili, akatengeneza reli moja iliyoinuliwa juu ya miguu ya chuma, na mabehewa yakaikalia kama soji juu ya mgongo wa punda. Huko Ireland reli ya namna hiyo, kati ya Listowel na Ballybunion, ilifunguliwa mwaka 1888 na kufanya kazi mpaka 1924. Wanasimulia kwamba mtu aliyetaka kusafirisha kinanda kikubwa ilibidi atafutiwe ng'ombe wa kusawazisha upande wa pili. Kule Wuppertal, Ujerumani, magari yananing'inia chini ya reli moja tangu 1901, na watu wanakwenda nayo kazini hata leo. Kwa kilima chetu faida ni dhahiri: chuma kidogo, nguzo chache, na hakuna haja ya kuchimba njia pana.

Sasa tuje kwenye hesabu. Kidato cha Tatu nawaomba mshike kalamu.

Kigari kitupu kina kilo 60. Kikijazwa, tuseme kina kilo 300. Njia yetu inapanda mita 1 kwa kila mita 2 za reli, yaani nyuzi 30. Uzito wa kilo 300 ni karibu nyutoni 2,940. Nusu yake, nyutoni 1,470, inakivuta kigari kushuka. Sehemu inayoyakandamiza magurudumu juu ya reli ni nyutoni 2,550 hivi.

Mchoro wa kwanza wa vijana ulikuwa na breki ya gurudumu, kama ya baiskeli. Tuseme breki hiyo ni kali kupita kiasi, magurudumu yote yamefungwa kabisa kana kwamba yamechomelewa. Je, kigari kitasimama? Chuma juu ya chuma kikavu, msuguano ni kama robo ya mkandamizo, basi tunapata nyutoni 640. Reli ikilowa, huenda ikawa sehemu moja ya kumi, nyutoni 255. Nasi tunahitaji 1,470 kwa kukishikilia tu, bila kukipunguza kasi. Kigari kitateleza na magurudumu yake yamefungwa, kama mtoto anayeteleza juu ya ganda la mgomba. Wala kuongeza mzigo hakusaidii, maana mzigo ukizidi, mvuto wa kushuka nao unazidi kwa kadiri ile ile.

Kwa hiyo breki yetu haiwezi kutegemea uzito wa kigari. Hapana budi itafute mkandamizo mahali pengine, na hapa reli moja inatupa zawadi: iko katikati, na ina ubavu huku na huku. Tuibane kama mhunzi anavyobana chuma cha moto kwa koleo.

Hili pia lina historia yake. Mwingereza John Fell, katika miaka ya 1860, aliweka reli ya tatu katikati ya zile mbili za kawaida ili ibanwe kutoka pande zote mbili. Treni zake zilivuka mlima wa Mont Cenis, kati ya Ufaransa na Italia, kuanzia 1868 mpaka 1871. Huko New Zealand mlima wa Rimutaka ulipandwa na kushukwa kwa mtindo huo toka 1878 hadi 1955, kwenye mteremko wa mita 1 kwa kila 15. Na katika Kisiwa cha Man magari ya umeme ya mlima Snaefell, yaliyoanza 1895, yanapanda kwa magurudumu yake ya kawaida, lakini reli ya katikati ipo kwa ajili ya kubanwa na breki wakati wa kushuka. Huo ndio mfano ninaoupenda kuliko yote. Waliona kuwa kupanda ni kazi ya injini, na kushuka ni kazi ya koleo.

Koleo letu libane kwa nguvu gani? Tuseme waya unakatika kigari kikiwa kinateremshwa taratibu kwa nusu mita kwa sekunde, na breki inachelewa sekunde 0.3 kabla ya kushika. Kwenye mteremko wetu kasi itakuwa imefika kama mita 2 kwa sekunde. Tunataka kisimame ndani ya mita 1. Hilo linadai nyutoni 600 juu ya zile 1,470, jumla 2,070. Pedi ziko mbili. Reli ina umande, vumbi, na pengine grisi aliyoimwaga mtu. Basi nachukua msuguano mdogo, 0.15. Kila pedi lazima ikandamizwe kwa nyutoni 6,900, karibu uzito wa watu kumi wa kilo 70.

Msishtuke. Mikono ya koleo ikiwa mirefu mara tano upande wa nyuma, springi moja ya nyutoni 1,380 iliyowekwa kati ya mikia yake inatosha. Springi moja, tafadhali, si mbili. Springi moja inasukuma mikia yote miwili kwa nguvu sawa, na koleo lenyewe liachwe licheze kidogo kulia na kushoto, lijitafutie katikati. Mkilikaza imara kwenye fremu, pedi moja itagusa kabla ya nyingine na kukisukuma kigari ubavuni. Gari la reli mbili litastahimili. La reli moja litalala. Na springi iwe ndefu na laini kuliko fupi na ngumu, kwa sababu pedi zinalika, na springi fupi hupoteza nguvu yake yote pedi zikipungua milimita chache.

Mmoja wenu aliniuliza kwa nini isiwe breki ya mkono, mtu aivute anapoona hatari. Mwanangu, huyo mtu atakuwa wapi? Juu kwenye winchi, mita 80 kutoka kwenye kigari, pengine anazungumza na mpishi. Breki lazima iwe imefungwa wakati wote, na kazi yetu iwe kuifungua. Mmarekani Elisha Otis aliwaonyesha watu jambo hilo mjini New York mwaka 1854. Alisimama juu ya jukwaa la lifti, akaagiza kamba ikatwe. Kamba ilikuwa inaishikilia springi. Ilipokatika, springi ikafyatuka na kulishika jukwaa. Nasi tutafanya vivyo hivyo: waya wa winchi usifungwe kwenye fremu, bali kwenye wenzo unaoifungua koleo. Waya ukivuta, koleo linaachia. Waya ukilegea, linabana.

Hapa ndipo nilipokaa siku nyingi na karatasi zangu. Kigari kilichojaa kinauvuta waya kwa nyutoni 1,470, nguvu tele. Lakini kigari kitupu cha kilo 60 kinauvuta kwa nyutoni 294 tu, na springi ikiwa imebanwa ili koleo lifunguke inafika kama 1,600. Pasipo wenzo mzuri kigari kitapanda kikiwa kimejaa, kisha kikatae kushuka kikiwa kitupu! Nimechagua wenzo wa mara nane. Waya unahitaji nyutoni 200 tu, na zile 94 zinazobaki ni za kupambana na kutu na ugumu wa pini. Gharama yake ni kwamba waya lazima usogee sentimita 16 ili pedi zisogee milimita 2 kila moja. Kadhalika kituo cha chini kisijengwe mahali tambarare. Mteremko ukilala, mvuto wa kigari kitupu unapungua, na breki itabana yenyewe kabla ya kufika kwenye lori.

Sasa naja kwenye lile ambalo najua vijana hawatalipenda. Mmechora kiti. Tena kimoja wenu ameandika kando yake kwa penseli "Dereva".

Pigeni hesabu tena. Reli ikiwa kavu, msuguano unaweza kufika 0.35, na koleo lile lile litatoa nyutoni 4,830. Kwa kilo 300 hilo ni kusimama kwa ghafla, na gunia halitalalamika. Lakini kijana wa kilo 70 akikipanda kigari kitupu, uzito wote ni kilo 130, na breki itakisimamisha ndani ya sentimita 6 kutoka kasi ile ile ya mita 2 kwa sekunde. Hiyo ni zaidi ya mara tatu ya mvuto wa dunia. Kigari kitasimama, yeye ataendelea na safari. Breki ya watu lazima ijue uzito iliobeba, au ibane kwa awamu, na hiyo ni mashine nyingine, ya bei nyingine. Kiti kitolewe.

Juu ya fedha, basi, ombi langu kwa kamati ni hili: koleo, springi na wenzo vitengenezwe kwanza, pamoja na mita 6 tu za reli, tuvijaribu kwenye mteremko kabla ya kununua mita zilizobaki. Tupakie kilo 375, robo zaidi ya mzigo wa kawaida. Tukate kamba mara kumi reli ikiwa kavu, na mara kumi ikiwa imemwagiwa maji ya sabuni. Kila mara tupime kigari kimesimama baada ya sentimita ngapi, na namba ziandikwe daftarini, nzuri na mbaya. Fundi wa kuchomelea tunaye miongoni mwetu, amekaa safu ya tatu na anajificha.

Liko jambo moja ambalo sikulimaliza, nami nalikabidhi kwa Klabu. Tuseme waya haukatiki, bali winchi inateleza, ikiuachia waya huku ikiukokota kidogo, kwa nyutoni 300 mathalan. Nguvu hiyo inatosha kuliweka koleo wazi, kwa kuwa linahitaji 200 tu. Kigari kilichojaa kitashuka kikiongeza kasi karibu mita 3.9 kwa sekunde kila sekunde, na breki yetu itakuwa inatazama. Lifti za siku hizi zina kifaa kinachohisi mwendo wenyewe: kinazunguka pamoja na mwendo wa lifti, na mwendo ukizidi kinaifyatua breki. Kigari chetu nacho kinahitaji kitu cha namna hiyo, kinachozungushwa na gurudumu, chepesi, kisichozibwa na matope, na kinachoweza kutengenezwa katika karakana ya shule. Mchoro wangu nimemwachia mwalimu wa fizikia. Mahali pa kifaa hicho nimepaacha wazi, upande wa kushoto, juu ya gurudumu la mbele.